Kuvuta waya wa mawasiliano wa viyoyozi vinavyoongozwa kutoka sehemu moja

Chukua jengo la ofisi la ghorofa 6 lenye mashine za ndani 48, na za nje ziko juu ya paa. Mwenye jengo amechoka kutuma mtu mlango kwa mlango kila jioni kukagua kama viyoyozi vimezimwa. Anataka skrini moja kwa meneja. Mabomba ya gesi na umeme mkubwa mafundi wengi wa Dar tunaviweza. Kinachotuumbua ni ule waya mwembamba wa nyuzi mbili, kwa sababu tunauvuta mwisho kabisa, jipsamu ikiwa inasubiri kufungwa.

Hatua ya 1: Soma teminali kabla ya kununua kitu

Fungua boksi la umeme la mashine ya nje, usome maandishi kwenye teminali, yaani pale waya unapofungwa kwa skrubu. Kwenye Daikin utakuta F1 na F2 jozi mbili: moja inaelekea mashine za ndani, nyingine inaunganisha mashine za nje, na hapo ndipo laini ya kidhibiti kikuu, kile chenye skrini ya meneja, inapoingilia. Samsung nao wana F1 na F2 za kwenda ndani, lakini kidhibiti kikuu kinafungwa R1 na R2. Mitsubishi Electric wanatumia TB3 kwa mashine za ndani na TB7 kwa kidhibiti kikuu. Herufi zinafanana, kazi hazifanani, kwa hiyo usihamishe mazoea ya chapa moja kwenda nyingine. Ukishaelewa, chora laini yote kwenye karatasi: inaanzia wapi, inapita chumba gani baada ya kipi, inaishia wapi.

Hatua ya 2: Waya

Daikin wanataka nyuzi mbili za 0.75 hadi 1.25 mm². Laini ya TB7 ya Mitsubishi Electric inataka waya wenye ngao, yaani wavu wa chuma unaozunguka nyuzi, usiopungua 1.25 mm². Ukifika Kariakoo usikubali kupewa waya wa spika eti "ni ileile". Menya ncha, kwaruza uzi kwa kisu. Weupe ukitokea chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa, rudisha.

Hatua ya 3: Kuvuta

Toka mashine ya kwanza, ingia ya pili, toka ya pili, ingia ya tatu, mpaka ya mwisho. Daikin wanaruhusu matawi kiasi, ila tawi lisizae tawi. Laini za RS-485 (aina ya mawasiliano ya nyuzi mbili, A na B) hazitaki matawi kabisa. Mimi navuta mnyororo hata pale matawi yanaporuhusiwa, maana siku ya hitilafu nakata katikati, najua tatizo liko upande gani, kisha nakata tena nusu iliyobaki. Kwenye matawi utapanda ngazi mchana kutwa.

Usiulaze waya huu kwenye trei moja na nyaya za umeme. Acha kama sentimita 30, na mahali pa kukutana ukatize kwa pembe mraba.

Na usiunge waya juu ya dari. Nasema hili kwa uchungu. Niliitwa jengo moja Upanga ambako mashine 11 za ghorofa ya tatu zilikuwa zinapotea kwenye skrini kila ikikaribia saa tano asubuhi, usiku zinarudi zenyewe. Bodi mbili zilikuwa zimeshabadilishwa bure. Nilipopanda nikakuta nyuzi zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa solotepu, juu yake bomba la gesi limeachwa kipande cha kiganja bila sponji. Asubuhi viyoyozi vikishafanya kazi saa kadhaa, bomba linatoa jasho, tone linaangukia kwenye kiungo. Nilipobandua solotepu shaba ilikuwa imegeuka kijani, na uzi mmoja ulikatikia mkononi. Kwa unyevu huu wa pwani, kiungo kiwe ndani ya teminali ya mashine, basi. Waya haufiki? Vuta mwingine.

Hatua ya 4: Ngao

Ngao iendelee bila kukatika kutoka mashine hadi mashine, kisha ifungwe ethi (waya wa kwenda ardhini) upande mmoja tu. Ukiifunga kila mahali inageuka njia ya umeme na kuleta kelele zilezile za umeme zinazovuruga mawasiliano, ambazo ndizo unazikimbia. Kwenye laini ya TB7, kama hakuna kifaa maalumu cha kulisha umeme wa laini, mashine moja tu ya nje ndiyo inahamishwa kiunganishi chake kutoka CN41 kwenda CN40. Ethi ya ngao ifungwe palepale.

Hatua ya 5: Pima, umeme ukiwa umezimwa

Hapa usiwe na haraka. Thibitisha kwa mita kwamba hakuna waya wa 230 V uliopotea njia na kuingia kwenye teminali za mawasiliano. Kosa hilo dogo la kuchanganya nyaya linaunguza bodi. Kipimo cha insulesheni (ganda la waya) cha 500 V usikitumie bodi zikiwa zimefungwa. Kwa RS-485 yenye rezista za 120 Ω ncha zote mbili, mita ikiwekwa kati ya A na B isome karibu 60. Ikisoma 120, rezista moja haipo au laini imekatika. Ikikaribia sifuri, nyuzi zimegusana.

Hatua ya 6: Namba

Kila mashine ipewe namba yake, isijirudie. Mitsubishi Electric wanatumia 1 hadi 50 kwa za ndani na 51 hadi 100 kwa za nje. Kwenye Daikin namba za kundi zinaanza 1-00 hadi 4-15, nafasi 64, hivyo 48 zinaenea. Andika namba kwa kalamu isiyofutika kwenye mwili wa mashine wakati dari bado iko wazi.

Washa mashine za nje, kisha kidhibiti, uhesabu. Zikitokea 47, usianze kufungua bodi. Nenda kwenye ile isiyoonekana, kaza skrubu za teminali, angalia namba yake. Ukimaliza, ubandike ule mchoro wa hatua ya kwanza ndani ya mlango wa boksi la kidhibiti, ukiwa na masahihisho yote uliyofanya njiani.