Kabla Hujaenda Mjini Kununua RAM ya Laptopu

Wenye laptopu zilizotumika, zile zilizotoka maofisini Ulaya na kuuzwa madukani hapa Mombasa, huuliza sana kama kipande kipya cha RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) lazima kiwe pacha wa kile cha zamani. Si lazima. Lakini yako mambo yanayoutangulia upacha, na hayo ndiyo humrudisha mtu dukani na kipande kisichoingia.

Kwanza hakikisha kwamba RAM ndiyo inayokusumbua. Fungua vyote unavyofungua siku ya kazi, kisha, kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke, uingie Performance halafu Memory. Ikiwa nusu yake ingali huru na mashine inajikokota tu, tazama diski. Kama ni ile ya kuzunguka, pesa zako ziende kwenye SSD, diski isiyozunguka, kwanza.

Ukurasa huohuo utakuonyesha sloti ziko ngapi na zilizotumika ni ngapi. Palipoandikwa "Form factor", neno SODIMM kwa kawaida lina maana kwamba kipande kinatoka; "Row of chips" ni dalili kwamba RAM imelehemiwa kwenye ubao. Usihukumu kwa jina la familia. ThinkPad T480 ya Lenovo ina sloti mbili, T480s ina RAM iliyolehemiwa pamoja na sloti moja, na X1 Carbon haina sloti hata moja. Fundi akikwambia atakuongezea kipande kwenye X1 Carbon, mshukuru, ubebe mashine yako uende.

Halafu aina, yaani kizazi cha RAM: DDR3, DDR4 au DDR5. SODIMM ya DDR3 ina pini 204, DDR4 ina 260, DDR5 ina 262, na pengo la ukingo wa chini limekatwa mahali tofauti kwa kila aina. Kipande kikikataa kuingia, usikisukume. Mtego uko kwenye DDR3, maana DDR3 ya volti 1.5 na DDR3L ya volti 1.35 zina umbo moja. Laptopu zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nne kwa kawaida hutaka ile ya L, na ukiweka nyingine mashine huenda isiwake kabisa. Soma lebo: PC3L si PC3. Bora ufungue kifuniko nyumbani, uipige picha lebo, ndipo uende. Anayetoka Likoni anajua foleni ya feri inavyokula asubuhi. Hataki kuvuka mara mbili kwa herufi moja.

Sasa upacha wenyewe. Vipande viwili vya ukubwa sawa hufanya kazi kwa njia mbili sambamba, na prosesa huvisoma vyote kwa pamoja. Ukichanganya 8GB na 4GB, laptopu nyingi za Intel huoanisha 4 kwa 4, kwa hiyo 8GB hupita njia mbili, na 4GB zilizobaki hupita njia moja. Hupotezi ukubwa, unapoteza mwendo kidogo katika sehemu ile tu. Mwendo nao hufuata aliye nyuma: RAM ya mwendo wa 3200 ukiiweka na ya 2400, zote zitakwenda 2400. Kampuni tofauti si hoja kubwa, ingawa mara mojamoja vipande viwili vizima hukataana bila sababu ya kuonekana.

Kwa maoni yangu, mwenye kuandika barua, kufanya hesabu za duka na kufungua kurasa kumi za intaneti asitupe 8GB nzima ili anunue pacha. Aongeze 8GB nyingine ya aina ileile, basi. Anayehariri video au kucheza gemu kwenye laptopu isiyo na kadi yake ya picha, huyo ana haki ya kudai vipande viwili vya ukubwa sawa, kwa sababu picha huchorwa kwa RAM hiyohiyo na njia mbili huonekana wazi.

Angalia pia kikomo cha mashine kwenye tovuti ya aliyeitengeneza. Windows ya biti 32 haivuki 4GB, ujaze utakavyojaza.

Dukani, nenda na laptopu yenyewe na mkubaliane juu ya kurudisha kabla hujatuma M-Pesa. Kipande kiwekwe, mashine iwashwe mbele yako, BIOS (programu ya ndani inayoiamsha mashine) ionyeshe jumla sahihi ya RAM. Kabla ya kugusa chochote, zima kabisa (si kuilaza), chomoa chaja, tenga betri. ThinkPad nyingi zina sehemu ya kuzima betri ya ndani humohumo kwenye BIOS. Gusa chuma kwanza kuondoa umeme tuli. Kwetu, hasa joto la kaskazi, jasho la kidole hunitia wasiwasi zaidi: shika kipande kwa kingo, usiguse pini za dhahabu. Sloti iliyokaa wazi miaka kwenye hewa ya chumvi huenda ikahitaji kusafishwa kwa spiriti safi isiyo na maji.

Ukiwasha mara ya kwanza, skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika moja au zaidi, hasa kwa DDR5, mashine inapojipima. Subiri. Baadaye acha MemTest86, programu ya kupima RAM, ifanye kazi usiku kucha, na hitilafu hata moja itoshe kukirudisha kipande. Kile cha zamani, kama umekitoa, usikiuze mpaka hapo.