Kabla ya kuitupa kompyuta ya Windows 10

Wenye steshenari hapa Mwanza, Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida bure tarehe 14 Oktoba 2025, lakini msikimbilie kununua mashine mpya. Pakua Linux Mint, mfumo endeshi unaochukua nafasi ya Windows, toleo lake jepesi la Xfce, ni bure, iandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya balenaEtcher (flashi itafutwa yote!), kisha washa mashine kupitia flashi hiyo: Dell bonyeza F12, HP F9. Mint inafanya kazi kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, kwa hiyo jaribu hapohapo Wi-Fi, sauti na hasa printa. Printa ndiyo mkorofi. Msimbo wa Mint uko wazi, yeyote anaweza kuusoma na kuuendeleza, hivyo kampuni moja haiwezi kuizeesha mashine yako kwa tangazo. Ukiridhika, hifadhi mafaili pembeni ndipo usakinishe. RAM ikiwa chini ya GB 2, au unategemea programu ya mahesabu ya Windows pekee, Mint haitakufaa.