Kutunza mkono na mwili baada ya matibabu ya saratani ya titi: mwongozo kwa wanawake wa Kanda ya Ziwa

Mgonjwa anapomaliza dripu za kemo na mionzi pale hospitali ya Bugando, Mwanza, familia nyingi huona kwamba safari imekwisha, naye hurejea Igoma, Sengerema au Ukerewe akiwa na mfuko wa vidonge na tarehe ya kliniki. Mengi yanayohusu afya yake kuanzia hapo yatafanyika nyumbani, na linalosahaulika kuliko yote, kwa maoni yangu, ni mkono wa upande uliofanyiwa upasuaji. Wanawake wengi huelezwa habari zake wakiwa bado na maumivu na hofu, kwa hiyo maelezo hayo hupotea. Naanza na mkono huo.

Pamoja na titi, daktari wa upasuaji mara nyingi huondoa tezi za kwapani ili kujua kama saratani imefika huko. Tezi hizo huchuja majimaji yanayorudi kutoka mkononi na kupambana na vijidudu. Zikiondolewa, au zikiathiriwa na mionzi, majimaji yanaweza kutuama na mkono ukavimba, pengine baada ya miezi michache, pengine baada ya miaka. Hali hii haimpati kila mwanamke. Lakini ikikomaa ni vigumu kuiondoa kabisa, ilhali ikigunduliwa mapema hudhibitiwa vizuri.

Tafuta tepu ya fundi cherehani na daftari. Kabla ya upasuaji ikiwezekana, au mara jeraha linapopona, pima mzunguko wa mikono yote miwili katika sehemu zilezile: kwenye kifundo cha mkono, sentimita 10 chini ya kiwiko, na sentimita 10 juu yake. Rudia kila mwezi. Mkono unaoutumia zaidi huwa mnene kidogo kwa asili, na ndiyo maana vipimo vya mwanzo vina thamani kubwa. Ukiona tofauti imeongezeka kwa sentimita 2 mahali pamoja, nenda kliniki. Mara nyingi, hata hivyo, mwili hutoa taarifa kabla ya tepu: pete inagoma kutoka, mkono unakuwa mzito jioni bila sababu, au blauzi iliyokuwa ikikutosha inaacha alama ya mshono kwenye ngozi.

Mkono huo unahitaji kutumika, kwa sababu bega lisilonyooshwa hukakamaa. Siku za mwanzo, kabla mrija wa kutolea majimaji haujaondolewa, usiuinue kupita usawa wa bega. Uegemeze kwenye mto ukiwa juu kuliko moyo, kisha ukunje na kukunjua ngumi mara 15 hadi 25, mara 3 au 4 kwa siku. Daktari akikuruhusu, simama ukitazama ukuta na uupandishe mkono kwa kutembeza vidole taratibu hadi usikie mvuto, si maumivu makali. Weka alama ya mkaa pale ulipofika, ushuke polepole, na kesho ujitahidi kuipita alama hiyo kidogo.

Kazi za huku kwetu zinahitaji uangalifu wake. Anayepara sato avae glavu nene, kwa sababu miiba ya pezi la mgongoni hutoboa ngozi kwa urahisi, na kijidudu kidogo kinachoingia hapo kinaweza kuuwasha moto mkono mzima. Anayelima avae mikono mirefu, na anayekaanga dagaa ajikinge na mafuta yanayoruka. Ndoo ya maji ya lita 20 isibebwe katika wiki za mwanzo hata kidogo. Baadaye anza na lita 3, kisha 5, ukiongeza polepole huku ukiuangalia mkono. Jeraha ambalo halijafunga lisiingie ziwani, na hata likishafunga, maji ya ufukweni yana hatari ya kichocho, kwa hiyo ni heri kuoga nyumbani.

Hapa naomba nisikilizwe na mama wakwe, shangazi na kina bibi ambao kwa upendo mkubwa humkanda mgonjwa kwa maji ya moto. Baada ya upasuaji wa kwapani, ngozi ya ndani ya mkono wa juu mara nyingi hufa ganzi, hivyo mgonjwa anaweza kuungua asijue. Kumchua kwa nguvu na kumchanja chale ili "kutoa maji" ni hatari zaidi, kwani kila chale ni mlango wa maambukizi. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto na wenye maumivu, au homa ikipanda, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Kama majibu ya maabara yalionyesha kwamba saratani yako ilichochewa na homoni, huenda umepewa tamoksifeni ya kumeza kila siku, kwa kawaida kwa miaka 5 na wakati mwingine hadi 10. Joto la ghafla na jasho la usiku huwafanya wengine waiache kimyakimya kwa kuwa wanajiona wamepona. Tafadhali usiiache bila kuongea na daktari, na aliye visiwani anunue ya akiba kabla hajapanda meli. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, pumzi ikikata ghafla, au damu ikitoka ukeni isivyo kawaida, wahi hospitali. Usishike mimba ukiwa unaitumia. Kondomu au kitanzi cha shaba vinafaa, lakini vidonge, sindano na vijiti vya homoni havifai.

Jeraha likipona, fundi anaweza kukushonea titi la kitambaa la kutia kwenye mfuko ndani ya sindiria. Liwe la pamba laini, na katikati liwekwe kifuko kidogo cha ulezi mkavu cha kulipa uzito, la sivyo litapanda juu. Kifuko hicho kitolewe kabla ya kufua.

Kliniki kwa kawaida ni kila miezi 3 hadi 6 katika miaka 3 ya mwanzo, kisha kila miezi 6 hadi 12 kwa miaka 2, halafu mara moja kwa mwaka, pamoja na mamogramu (picha ya eksirei ya titi) ya kila mwaka kwa titi lililobaki. Usingoje tarehe ukiona kivimbe kwenye kovu, kwapani au kwenye titi la pili, au ukiwa na maumivu ya mifupa, kikohozi au kichwa kisichoacha kuuma kwa wiki kadhaa. Beba daftari la vipimo, vidonge vyote unavyotumia na nakala ya majibu ya maabara, kwa sababu daktari utakayemkuta huenda asiwe yule aliyekutibu.