Ukatoliki wa Katikati ya Wiki: Maelekezo ya Mama Muuza Nafaka

Tumsifu Yesu Kristo.

Nauza nafaka Soko la Tandika, Temeke, na mtaani kwetu kwa sasa mimi ndiye mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo, yaani Wakatoliki majirani tunaosali pamoja nyumba kwa nyumba. Kwa hiyo maswali yananijia kutoka pande mbili. Sokoni vijana wananiuliza mtu anayeamka saa 10 alfajiri kuwahi mzigo atasali saa ngapi. Jumuiyani wananiuliza mbona dini imebaki michango na mafungo, furaha iko wapi. Nimeona majibu yangu niyaweke mahali pamoja. Mimi si katekista wala mtawa. Nasema kama mtu mwenye mizani, wateja na watoto.

Shika saa, usisubiri nafasi

Nafasi haiji. Anayesema atasali akipata nafasi hulala na nguo za kazi. Kanisa lilishatujua, ndiyo maana likatupa sala fupi ya Malaika wa Bwana: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni. Ukiisali bila haraka haimalizi hata dakika tatu. Weka kengele kwenye simu, na mlio wake usifanane na ule wa kupigiwa, la sivyo utaupokea na kusema haloo.

Sokoni saa 6 mchana ndipo mama lishe wanapopita na sahani na wapagazi wanagombea njia. Mimi nageukia magunia, nasali kimoyomoyo. Mteja akija katikati namhudumia, kisha naendelea nilipoishia. Jirani yangu wa meza ni Muislamu. Akienda kuswali adhuhuri meza yake naiangalia mimi, na Jumamosi nikichelewa kutoka jumuiyani yeye ndiye anayenifungulia. Nani yuko sahihi hatujawahi kubishania. Siku nikipitiwa, yeye ndiye anayesema: "Mama, kengele yako imelia."

Asubuhi, kabla hujashika simu, fanya Ishara ya Msalaba na uitolee siku. Sala ya kutolea siku imo kwenye vitabu vya sala, lakini hata maneno yako yanatosha: Bwana, magunia haya, wateja hawa na madeni haya, yapokee yote.

Rozari huwashinda wengi kwa sababu wanataka makumi yote matano, yaani mafungu matano ya Salamu Maria kumi kumi, kwa mkupuo, usiku, macho yakiwa yanafumba. Igawe. Fungu moja kwenye daladala asubuhi, jingine ukisubiri maji yachemke, mengine njiani kurudi. Vidole kumi unavyo, hata kama rozari umeisahau nyumbani. Kila siku ina matendo yake, yaani matukio ya Yesu na Maria tunayoyatafakari: Jumatatu na Jumamosi ni matendo ya furaha, Jumanne na Ijumaa ya uchungu, Jumatano na Dominika ya utukufu, Alhamisi ya mwanga, yale aliyoyaongeza Papa Yohane Paulo II mwaka 2002. Rozari iliyoning'inizwa kwenye kioo cha gari haijisali yenyewe, madereva mnisamehe.

Injili ya Dominika usiisubiri kanisani. Isome mapema, Alhamisi hivi, ili padre anapoanza kuhubiri uwe umeshaitafuna. Kujua ni mwaka gani wa masomo ya Misa kuna hesabu ya sokoni: gawa mwaka kwa 3. Kisipobaki kitu ni Mwaka C, tunasoma Luka. Ikibaki 1 ni Mwaka A, Mathayo. Ikibaki 2 ni Mwaka B, Marko. Kumbuka tu kwamba mwaka wa Kanisa unaanza Dominika ya kwanza ya Majilio, yale majuma ya kujiandaa na Noeli, kwa hiyo kuanzia hapo hesabu kwa mwaka unaofuata. Asiyependa kusoma ana Radio Maria na Radio Tumaini. Mimi mchana zinanisaidia kuliko umbea.

Mizani nayo inasali

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ninapoona Wakatoliki wengi tunaachana na imani mlangoni mwa kanisa.

Mchele wa Kyela una harufu yake. Mteja anayejua huingiza mkono ndani kabisa ya gunia, siyo juu juu, anafikicha punje kiganjani, anapuliza vumbi, ananusa. Kwa sababu ya harufu hiyo wapo wanaochukua Kyela kidogo wakauchanganya na mchele mwingine wa bei nafuu, wakakoroga kwa koleo mpaka vikawa kitu kimoja, kisha kipande cha boksi juu: KYELA SAFI. Harufu inabaki, bei inapanda. Mteja anagundua ubwabwa ukishapoa. Wapo pia wanaocheza na sahani ya mizani. Na kabla mzigo haujafika mjini, huko shambani mkulima ameshalizwa na lumbesa, gunia lililoshonewa kofia juu likahesabiwa ni gunia moja, ingawa imekatazwa. Anayefanya hivyo unaweza kumkuta Dominika amevaa sare ya chama cha kitume, anasoma somo la kwanza.

Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Basi fanya hivi. Pima mteja akiona, na sahani ikitulia toa mkono wako kabisa. Mchele wa kuchanganya ukitaka kuuza, uza, lakini sema ni wa kuchanganya na bei iseme hivyo hivyo. Mpagazi mlipe siku ileile kabla jua halijazama, kama Kumbukumbu la Torati 24:15 inavyoagiza. Yeye jioni ana watoto wa kulisha. Deni lako lidai, kudai si dhambi. Dhambi ni kumtangaza mdaiwa soko zima lijue.

Sikuahidi utajiri. Wateja waliohama meza yangu wakafuata bei ya chini wapo, na hawajarudi. Ninachoweza kusema ni kwamba mtu akirudi na mfuko wangu mkononi, sihitaji kuanza kutafuta uongo wa kumwambia. Wepesi huo wa moyo ni sehemu ya furaha wanayoniuliza.

Na wewe wa ofisini usijione umepona. Risiti ya teksi ambayo hukupanda ni mizani. Kusaini umefika saa 2 ilhali ulifika saa 4 ni mizani.

Kitubio bila hadithi ndefu

Amri ya Kanisa inasema tuungame dhambi kwa padre walau mara moja kwa mwaka. Hiyo ni sakafu, si dari. Mimi naenda kila mwezi, Jumamosi jioni, parokia nyingi huwa na padre wakati huo. Siku hiyo kaa dakika kumi upitie amri moja moja ukiwa na kazi yako kichwani: nimepunja nani, nimemsema nani, nani hajapata mshahara wake, nyumbani nimemjibu nani vibaya. Ukifika, taja dhambi na mara ngapi, basi. Padre hahitaji riwaya. Na tafadhali usiungame dhambi za mume wako.

Jambo moja watu hawalipendi: uliyemdhulumu, kumwungamia padre peke yake hakutoshi, mrudishie chake. Zakayo katika Luka 19 aliahidi kurudisha mara nne. Kama mwenye mali hujui ataonekana wapi, wape maskini. Kiasi kile kile, siyo kipande chake.

Siku 40, na zile 50

Sasa furaha. Kwaresima tunaijua: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu ni kufunga kwa wenye miaka 18 hadi 59, mlo mmoja kamili na vingine viwili vidogo, na nyama hailiwi kwa mwenye miaka 14 na kuendelea. Njia ya Msalaba kila Ijumaa, vituo 14. Watu wa Dar tunajitahidi, lazima niseme. Lakini Pasaka ikifika tunashona nguo, tunapika pilau, na Jumanne kila kitu kimekwisha. Kanisa limetupa siku 40 za kufunga na siku 50 za kushangilia, mpaka Pentekoste. Tunashika zile za njaa tu, halafu tunalalamika kwamba dini yetu ina huzuni!

Zishike na hizo 50. Malaika wa Bwana unapumzika, unasali sala ya Malkia wa Mbingu, tena umesimama. Nyumbani kwangu kila Dominika ya Pasaka lazima kuwe na kitu kitamu mezani, hata kama ni maandazi ya iliki, na mtoto mmoja anachagua wimbo wa aleluya. Ile orodha ya wagonjwa tuliowatembelea Kwaresima tunairudia, safari hii na nyimbo. Hata ndani ya mafungo yenyewe Kanisa linatupumzisha: Dominika ya tatu ya Majilio na ya nne ya Kwaresima ni za furaha, na padre anaweza kuvaa rangi ya waridi. Ukiona waridi altareni, siku hiyo usinune.

Kuna pia siku ya somo wako, yaani mtakatifu uliyebatizwa kwa jina lake. Watoto wanajua birthday zao, somo wa ubatizo wao hawamjui. Tafuta tarehe, andika kwenye kalenda ya ukutani, siku hiyo mtoto apate soda na asimuliwe huyo mtakatifu alikuwa nani. Somo wa jumuiya yetu ni Monika, 27 Agosti, mama wa Kiafrika aliyemlilia mwanawe Augustino mpaka akabatizwa. Akina mama wenye vijana waliopotea huwa hawakosi siku hiyo.

Dominika, zaka na lile suala la ndoa

Dominika sifungui. Soko linafunguliwa, najua, na fedha inapita mbele ya meza yangu iliyofunikwa turubai. Ambaye kazi yake hailali, kama nesi, mlinzi au dereva, aende Misa ya Jumamosi jioni, inahesabika. Kabla ya Komunyo ni saa moja bila kula. Maji na dawa haviharibu.

Zaka toa kwenye faida, usile mtaji kwa jina la Mungu halafu urudi kukopa. Itenge mapema, bahasha ikae mbali na pochi ya chenji.

Ndoa sasa. Kila mwaka nakutana na wawili waliokaa pamoja miaka, watoto watatu, wote wamebatizwa, hawapokei Komunyo kwa kuwa hawajafunga ndoa kanisani. Ukiuliza: "Mama, tunajipanga." Wanajipanga na nini? Na sendofu, kichen pati, ukumbi, mpiga picha, keki ya ghorofa. Wadogo zangu, ndoa inataka ninyi wawili mlio huru, padre au shemasi, na mashahidi wawili. Matangazo ya ndoa yasomwe kanisani, mafundisho mhudhurie, mfunge ndoa Misa ya asubuhi, mkanywe chai nyumbani. Ukumbi si sakramenti. Tumewasindikiza kadhaa hivyo, chai tumepika sisi jumuiya, na vigelegele vilisikika mpaka barabarani. Mkipata fedha baadaye, sherehe haijakatazwa.

Usiishi imani peke yako

Maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1976 waliamua kuzipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele. Nadhani waliona mbali. Parokia ina watu maelfu, ukikosekana Dominika tatu hakuna atakayejua. Kwenye jumuiya ya nyumba ishirini, ukikosa Jumamosi mbili mtu anabisha hodi.

Ukihamia mtaa mpya, usisubiri mtoto wa kubatizwa ndipo uje kutafuta sahihi ya mwenyekiti. Wanaokuja hivyo nawapokea, lakini tunaanza na mazungumzo marefu kidogo. Wiki ya kwanza pita ofisi ya parokia, uliza nyumba yako iko jumuiya gani, na njoo na barua kutoka ulikotoka. Ukija utakuta sala ya kuanza, Injili ya Dominika inayofuata, kila mmoja anasema neno lililomgusa, maombi, mchango, matangazo. Muda wa saa moja unatosha. Mwenyekiti anayevuta mpaka muda wa saa mbili aambiwe, hata akiwa mimi. Usiogope kuongea. Tafakari nzuri kuliko zote kwetu huwa ya bibi mmoja asiyejua kusoma, anayeomba Injili isomwe mara mbili.

Na kazi yenyewe ya jumuiya iko nje ya kile kikao: kumpelekea mgonjwa uji, kukesha msibani, kujua nani amefungiwa umeme. Omba upewe kazi moja ndogo yenye jina lako, kama kupanga viti, kuongoza wimbo au kupokea wageni. Mwenye kazi harudi nyuma kirahisi, na ndiye anayecheka zaidi tukimaliza.

Sisi tunaanza Jumamosi saa 12 na nusu asubuhi, nyumba kwa nyumba. Njoo na kitabu cha nyimbo, na kama una kigoda beba, maana viti havitoshi.