Maunteni ya zamani: kuirudisha na spea za enzi zake

Umepata maunteni (baiskeli ya milimani) ya chuma, ya miaka ya themanini mwishoni au tisini mwanzoni, imekula vumbi na kutu, na mkono unakuwasha kuanza kununua spea. Tulia kwanza. Wengi wanaharibu hapo hapo, mtu anaokota derela hii (kile kifaa cha kuhamisha cheni kwenye gia) na breki ile kisa zinang'aa, mwisho wa siku baiskeli ina spea za miaka kumi tofauti na hata asiyejua baiskeli akiiangalia anaona kuna kitu hakijakaa sawa.

Anza na umri wake. Kama ina spea za Shimano, kampuni ya Japani ya spea za baiskeli, kazi ni rahisi, maana nyuma ya derela au upande wa ndani wa mkono wa kranki (ule unaobeba pedali) utakuta herufi mbili zimegongwa, ya kwanza mwaka ya pili mwezi. A ni 1976, B ni 1977, unahesabu hivyo hivyo mpaka M inakuwa 1988 na P 1991. Mwezi nao A ni Januari, L ni Desemba. Kwa hiyo ukikuta NC hiyo ni Machi 1989. Soma spea tatu nne usiamini moja, derela inavunjika sana huenda ilishabadilishwa, kranki ndo huwa haidanganyi. Na usishtuke spea zikiwa na umri mkubwa kidogo kuliko fremu, kiwanda kinanunua spea kabla ya kuunga baiskeli, hiyo ni kawaida.

Ukishajua mwaka, mengine yanajipanga. Breki za V za Shimano (zenye mikono mirefu miwili inayovutwa na waya kutoka ubavuni) zilikuja 1996, kwa hiyo kwenye baiskeli ya 1990 unatafuta kantileva (za zamani, mikono miwili imeunganishwa na waya mfupi juu ya tairi), na hendeli za breki ziwe za kantileva pia. Hili sio la urembo tu! Hendeli ya V inavuta waya mrefu zaidi, ukiifunga na kantileva utaona breki ngumu vizuri mkononi lakini kwenye mteremko haishiki.

Vipimo sasa. Bomba la siti za zamani zinapishana kwa milimita 0.2 tu, 26.4, 26.6, 26.8, mpaka 27.2, pima kwa vernia (kipimo cha milimita cha kubana) usikisie, maana jembamba kidogo tu linapasua au kukunja shingo ya fremu. Pima na nafasi ya tairi la nyuma kati ya pande mbili za fremu, za zamani zaidi ni milimita 126 au 130, za baadaye 135. Shina la usukani la kuzama ndani ni 22.2 kwa foku ya inchi moja, na 25.4 kwa ile ya inchi moja na moja ya nane.

Kwenye kufungua ndo uvumilivu unahitajika. Bomba la siti la alumini ndani ya fremu ya chuma huwa linagandana kabisa, mwagia mafuta ya kulegeza kutu, acha siku mbili tatu, mwagia tena, ndo ujaribu kuzungusha. Usigonge kwa hasira. Kranki unatoa kwa puli yake (kifaa cha kuivuta), ila hakikisha umetoa bolti NA washa yake kabla ya kufunga puli. Mimi mara ya kwanza nilisahau washa, nikakaza, nikasikia kitu kinakwaruza, uzi wote wa kranki ukaja na puli, na kranki yenyewe nilikuwa nimeitafuta miezi. Ekseli ya kranki kikombe cha kulia kwenye fremu nyingi kinafunguka kinyume, kama pedali ya kushoto. Gololi weka mpya tu, tairi la nyuma kwa kawaida zinaenda 9 za robo inchi kila upande, mbele 10 ndogo za 3/16, ila hesabu zako wakati unatoa.

Gia za kubonyeza za kidole gumba zikigoma kushika usizitupe, mara nyingi sio mbovu, grisi ya ndani imekauka ikawa kama gundi. Pulizia dawa ya kuyeyusha grisi, bonyeza bonyeza sana, pulizia tena mpaka uchafu uishe, afu weka mafuta mepesi. Nyingi zinafufuka.

Rangi mimi naiacha. Fremu yenye mikwaruzo yake na stika za kiwanda ina thamani kuliko iliyopigwa rangi mpya, ukishapiga stika hazirudi. Kutu ya juu juu inatoka kwa asidi oksaliki iliyochanganywa na maji, vaa glavu na miwani maana ni sumu, suuza sana, kausha haraka, na ndani ya mabomba pitisha mafuta ya kuzuia kutu.

Cheni, raba za breki, tairi na waya hapo sahau habari za enzi. Raba ya miaka thelathini ni ngumu kama plastiki na tairi za zamani zinapasuka ubavuni, tafuta mpya za inchi 26 zenye ubavu wa kahawia zinafanana vya kutosha. Waya wa breki ya mbele ndo kabisa usibahatishe, ukikatika ukiwa kwenye kasi ule waya mfupi unaounganisha kantileva unaweza kudondokea kwenye meno ya tairi, tairi likasimama ghafla na wewe ukapitia juu ya usukani.