Kufuta akaunti ya Facebook si sawa na kuizima

Wengi wanaodhani wamefuta akaunti yao ya Facebook wameizima tu. Ukiizima, wasifu wako hufichwa, lakini kila kitu kinabaki kwa Facebook, na Messenger inaweza kuendelea kufanya kazi. Ukitaka iondoke kabisa, ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya umiliki na udhibiti wa akaunti, kisha chagua kufuta.

Ila usikimbilie hapo. Kwanza pakua nakala ya taarifa zako, hasa picha. Kuna picha za wazazi waliokwisha kututangulia ambazo hazipo popote isipokuwa huko, na zikishafutika hazirudi. Kama una ukurasa wa biashara unaousimamia peke yako, mpe mtu unayemwamini usimamizi kamili, la sivyo nao utafutwa. Programu na michezo unayofungua kwa kupitia Facebook, ibadilishie njia ya kuingilia mapema.

Ukishathibitisha, una siku 30 za kughairi, kwa hiyo iondoe kabisa programu ya Facebook kwenye simu usije ukaingia kwa mazoea. Data yote inaweza kuchukua hadi siku 90 kufutika. Jumbe ulizowatumia watu zitabaki kwao.