Kidole cha silikoni: pa kuanzia kwa mhandisi wa roboti laini aliyeko Tabora

Cheti cha uhandisi mitambo kinasaidia, lakini katika kazi ya roboti laini, yaani zilizotengenezwa kwa vitu vinavyonyumbulika kama mpira, kidole kinachookota embe bila kulichubua hujieleza chenyewe. Kinatengenezeka nyumbani. Umbo lake la vyumba vya hewa lilitoka maabara ya George Whitesides, Harvard, mwaka 2011.

Agiza silikoni ya sehemu mbili, kama Ecoflex 00-30. Ile ya vifaa vya ujenzi inayonuka siki haifai: hukaushwa na unyevu wa hewa, kwa hiyo ukiimimina nene hukauka juu, ndani ikabaki uji.

Kalibu iwe na urefu wa sentimita 10 na upana wa 2, vyumba kwa safu, kuta za milimita 2, na mfereji mmoja chini wa kuviunganisha. Ichapwe kwa printa ya 3D, kwa plastiki ya PLA. Resini, ile ya majimaji ya printa za 3D za mwanga, mara nyingi huizuia silikoni isigande. Glovu za mpira wa kawaida nazo zina salfa yenye madhara hayohayo. Vaa za nitraili.

Pima gramu 12 za sehemu A ya silikoni na 12 za sehemu B kwa mizani, si kwa macho. Koroga dakika 3 ukikwangua kitako cha kikombe. Pasipokwanguliwa patanata siku zote. Mimina kama uzi kutoka juu ili mapovu yapasuke. Kwenye nyuzi 23 una dakika 45 za kufanyia kazi, na saa 4 za kuganda. Joto la Oktoba hapa Tabora linafupisha zote mbili: changanya alfajiri.

Hewa ikiingia, kidole hukunjika kwa sababu upande mmoja hautanuki. Upande huo ni kitako cha kidole: mimina silikoni milimita 1, laza karatasi, mimina tena. Kikiganda, paka silikoni mbichi kiasi cha kulowesha tu, ndipo ubandike vyumba vilivyotoka kwenye kalibu. Hapa ndipo vidole vingi vinapoharibika: ukizidisha, inapanda na kuziba mfereji, ukiacha pengo, kinavuja.

Chomeka mrija kwenye mfereji, zamisha kidole kwenye beseni la maji, sukuma hewa taratibu kwa bomba la sindano la mililita 60. Vipovu vikitoka kwenye kiungo, weka alama, kausha, paka silikoni mbichi. Chumba kikivimba ubavu kama puto, ukuta wake ni mwembamba. Kiraka hakisaidii, rekebisha kalibu.

Funga vidole 3 kwa skrubu kwenye bamba lenye matundu mengi. Kwa duara vinashika embe. Viwili vikitazamana vinashika muhogo mwembamba.

Kila jaribio liandikie uzito wa mchanganyiko, mililita za hewa na pembe ya mkunjo. Unapoomba kazi au masomo, ambatisha kurasa hizo pamoja na picha za vidole vilivyopasuka.